Mlikata upande wa kushoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumzie picha mliyochapisha Jumamosi pamoja na makala kuhusu Venice ya zamani na anasa zake. Ni kazi ya Francesco Guardi, mchoraji wa Venice, Italia, ya mwaka 1782: ukumbi mkubwa, vinara vya mishumaa vinavyoning'inia kutoka darini, mabibi waliovaa wakapendeza, mabwana wamesimama wakipiga soga. Makala niliisoma yote na nikafaidika nayo. Ila picha mmeikata. Upande mzima wa kushoto haupo, na waliokuwa upande huo ndio waliosababisha ukumbi ule ujae watu usiku ule.

Mimi naishi München, Ujerumani, na picha yenyewe ni mali ya jumba la makumbusho la mji huu, Alte Pinakothek. Nauguza wazee, mara nyingi zamu ya usiku, na kwa kuwa Jumapili kiingilio pale ni yuro moja tu, hupita nikitoka kanisani kabla ya kwenda kulala. Sio picha kubwa. Ina upana wa sentimita 90 hivi na kimo cha 68, mtu mmoja angeweza kuibeba kwapani. Lakini ukisimama mbele yake ukumbi unapanda juu kama kanisa, kwa sababu Guardi amewarundika wageni wote chini kabisa, wengine wametupa migongo kwenye viti vyao, kisha juu yao akaacha ukuta, dari, mwanga wa mishumaa na hewa tupu. Rangi ni ya kijivu chenye dhahabu ndani yake, na kijani kidogo.

Sasa upande wa kushoto. Ukutani kuna roshani ya wanamuziki, na ndani yake wasichana wamepangwa safu tatu, moja juu ya nyingine. Wamevaa magauni ya rangi iliyokolea yenye weupe karibu na shingo. Hao ndio mliowakata. Ukisogea karibu, mpaka mlinzi aanze kukutazama, unaona kwamba kila msichana ni migusoguso michache tu ya brashi: doa la waridi ndilo uso, halina macho wala mdomo, mstari mwembamba wa rangi ya kahawia ndio fidla, alama nyeupe ndiyo kola. Ukirudi nyuma hatua nne, safu nzima inainua pinde za fidla kwa pamoja. Guardi alikuwa anakaribia miaka 70 alipoichora, na mkono wake ulikuwa mwepesi hivyo.

Makala yenu ilieleza wageni wa heshima walikuwa nani, na ilieleza sawasawa: Paul, mwana wa Malkia Catherine wa Pili wa Urusi, pamoja na mkewe Maria Feodorovna, waliokuwa wakizunguka Ulaya kwa jina la bandia, Bwana na Bibi wa Kaskazini, ili waepuke itifaki ndefu. Januari 1782 walifika Venice. Serikali ya Venice ilijua vizuri ni akina nani, ikawafanyia mashindano ya mashua, mchezo wa mafahali katika uwanja wa San Marco, dansi, na tamasha hili la muziki katika ukumbi wa klabu ya wapenzi wa muziki, kando ya uwanja huohuo. Mtoto wa Catherine alikuja kuwa mfalme mwaka 1796 na akauawa na watu wake mwenyewe mwaka 1801. Hayo yote mliyaandika. Kuhusu waliopiga muziki hamkuandika hata sentensi moja.

Walikuwa wasichana wa hospitali za Venice. Naziita hospitali kwa sababu ndivyo zilivyoitwa, lakini zilikuwa nyumba za kulelea watu wasio na pa kwenda: Pietà, Mendicanti, Incurabili na Derelitti. Pietà ilianza mwaka 1346 na ilipokea watoto waliotupwa. Ukutani kulikuwa na kishubaka, mama anamweka mtoto usiku na kuondoka. Wengine waliacha na mtoto nusu ya medali, au nusu ya karatasi yenye picha ya mtakatifu, wakabaki na nusu nyingine, ili siku wakipata uwezo warudi na kuonyesha kwamba vipande vinaoana. Mtoto alipokelewa, akaandikwa kitabuni, akapigwa chapa ndogo ya herufi P mwilini. Wavulana walipokua walipelekwa kujifunza ufundi. Wasichana walibaki, wengi wakifanya kazi za sindano na kufua, na wale waliokuwa na sikio walifundishwa muziki tangu utotoni.

Na walifundishwa kwelikweli. Septemba 1703 Pietà ilimwajiri padri kijana aitwaye Antonio Vivaldi awe mwalimu wa fidla, na kwa vipindi mbalimbali aliwatungia kazi mpaka karibu na mwisho wa maisha yake. Dunia nzima inamjua Vivaldi. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya muziki ule mgumu wa fidla uliandikwa kwa sababu kulikuwa na wasichana wa kuupiga. Mwanafunzi wake mmoja, Anna Maria, aliyeletwa Pietà akiwa mchanga, hakuwa na jina la ukoo, basi aliitwa kwa ala yake: Anna Maria dal Violin, yaani wa fidla. Alipiga pia selo, kinanda, mandolini na ala nyingine. Kitabu chake cha nota, chenye jina lake, kimehifadhiwa Venice hadi leo. Alikuja kuwa mwalimu wa wenzake, na akafa akiwa bibi kizee mwaka 1782, mwaka uleule wa picha yenu.

Wiki moja baada ya makala, mlichapisha barua ya ndugu mmoja msomaji ambaye aliiona picha nzima mahali pengine. Nilifurahi kuona kwamba kuna mwenzangu aliyegundua. Lakini aliandika kuwa ni jambo la kusikitisha, "yatima maskini wakiwatumbuiza matajiri". Hapo ndipo nilipoamua kuandika, maana naona mmoja amewaondoa na mwingine amewarudisha kwa machozi, na hakuna kati yao aliyesikiliza walichokuwa wanapiga.

Nina sababu ya kulisema hili. Nimelelewa kituo cha watoto, Nyanda za Juu Kusini, kuanzia nikiwa mdogo nisiyekumbuka mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Kilikuwa cha wasichana watupu. Tulikuwa na kwaya, na mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mtu mkali mwenye upendo mwingi, anayetuandikia do-re-mi ubaoni kwa chaki za rangi, kila sauti na rangi yake. Kwa kuwa hatukuwa na wavulana, sauti ya tatu tuliimba sisi wenyewe, na ya nne aliishika dada mmoja mrefu aliyekuwa na sauti nzito ajabu. Palipomshinda kwa chini alipanda oktava moja na kushuka tena mahali pazuri, hata usijue. Mimi niliimba ya pili na bado naimba ya pili hapa München.

Wageni wakija, kengele iligongwa nje ya saa zake. Tulioga, tukapakwa mafuta, tukapangwa kwenye ngazi za mbele, wafupi mbele. Siku moja, baada ya wimbo wa Krismasi ambao tulikuwa tumeufanyia mazoezi tangu Oktoba, mgeni mmoja alisema kupitia mkalimani kwamba ameguswa sana na uchungu ulio ndani ya sauti zetu. Mhariri, ule haukuwa uchungu. Ilikuwa ni kupandisha sauti polepole kuanzia mstari wa pili, jambo ambalo mwalimu alikuwa ametufokea kwalo majuma mazima, na siku ile lilikubali kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tunatazamana kwa furaha. Baadaye zikaja barua na picha zetu, na chini ya kila picha iliandikwa habari za kufiwa kwetu. Hakuna aliyeandika kwamba wimbo ulikuwa wa sauti nne na kwamba ya nne iliimbwa na msichana.

Kwa hiyo niliposoma, miaka mingi baadaye, kwamba Pietà nao walikuwa wasichana watupu, na kwamba katika orodha zao yumo Paolina dal Tenor na Annetta dal Basso, yaani wa sauti ya tatu na wa sauti ya nne, nilisimama jikoni nikampigia simu dada yetu wa sauti ya nne, ambaye sasa ana wajukuu. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Kumbe tulikuwa na mababu."

Sisemi maisha yao yalikuwa mepesi. Msomaji wenu hakosei kabisa. Walifungiwa. Kutoka nje kulihitaji ruhusa. Muziki wao uliziletea hospitali zile fedha, sadaka na wosia wa matajiri, na anayetaka kuolewa alipewa mahari lakini akaagana na kupiga muziki hadharani. Nyingi ya kazi zao ziliimbwa kanisani, nao wakiwa juu, nyuma ya nondo za chuma, ili waumini wasikie bila kuona. Ukienda leo kanisa la Pietà, lile lililojengwa upya katikati ya karne ya 18, nondo zile bado zipo. Na darini kuna malaika wapiga ala waliochorwa na Giambattista Tiepolo, ambaye alikuwa shemeji wa Guardi. Alimuoa dada yake mwaka 1719. Kwa hiyo mchoraji wetu hakuwa mgeni na ulimwengu ule.

Lakini ndani ya kufungiwa huko walifanya kazi ya daraja la juu, na walijua wanafanya nini. Walioiva waliruhusiwa kufundisha wanafunzi wa kulipa kutoka familia za nje. Mfaransa mmoja, Charles de Brosses, aliyewasikia mwaka 1739, aliandika kwamba hakuna ala kubwa kiasi cha kuwatisha. Alitaja fidla, filimbi, kinanda, selo, hata zumari zile nzito za besi. Maddalena Lombardini aliingia Mendicanti akiwa na miaka 7, si kwa uyatima bali kwa kipaji, baada ya kujaribiwa. Mwaka 1760 Giuseppe Tartini, mpiga fidla mkubwa kuliko wote Italia wakati huo, alimwandikia barua ndefu akimweleza namna ya kushika na kuvuta upinde, barua ambayo walimu wa fidla wanaisoma mpaka leo. Mwaka 1767 aliolewa na mpiga fidla mwenzake, akasafiri, akapiga Paris mwaka uliofuata na London mwaka 1771, na kazi alizotunga zikachapishwa akiwa hai. Mtu kama huyo humpi pole. Unamuuliza ameipataje ile nota ya juu.

Kuna kisa kingine ambacho nakipenda na hakinipendezi kwa wakati mmoja. Jean-Jacques Rousseau, kabla hajawa mwanafalsafa maarufu, alikuwa karani wa balozi wa Ufaransa Venice, mwaka 1743 na 1744. Alikuwa akienda Mendicanti kusikiliza, na katika kumbukumbu za maisha yake anasema hakuna muziki uliowahi kumteka hivyo, ila nondo zilimkera, kwa sababu aliamini nyuma yake kuna malaika wa urembo. Akabembeleza mpaka akapelekwa kula nao. Mmoja alikuwa na jicho moja. Mwingine uso wake ulikuwa umechimbwa na ndui. Alivunjika moyo. Kisha wakala, wakazungumza, wakachangamka, naye anakiri kwamba alitoka pale karibu awapende wote. Hilo la mwisho ni zuri, namsamehe kwa hilo. Lakini ona jinsi ilivyo: hata yeye, mwenye sikio zuri, alitaka kwanza kujua sura zao zikoje.

Ndiyo maana usiku ule wa Januari 1782 una uzito wake. Katika ukumbi wa klabu hapakuwa na nondo. Roshani iko wazi, mishumaa inawaangaza, na wanamuziki kutoka hospitali zile wako mbele ya wote, wakiwa na nota zao na ala zao. Watu walizoea kuwasikia wasiowaona. Usiku ule waliwaona. Guardi alikuwa na hiari ya kuwaweka popote. Angeweza kuwafanya kivuli kwenye pembe, kwa sababu wageni wa kifalme ndio waliokuwa shughuli yenyewe. Badala yake hao watukufu wamepotea kwenye umati chini. Hata ukimtafuta Paul humtambui kwa uhakika, naye ni doa la rangi kama wengine. Roshani ndiyo imepewa ukuta. Jicho linaingia kwa migongo ya mabibi, linapanda kushoto, linakuta safu tatu, ndipo linaachiwa kwenda darini.

Fundi wenu wa kurasa, nadhani, alihitaji picha ya kimo kuliko upana ili iingie kwenye safu mbili, akabakiza upande wenye vinara. Naelewa kazi ina haraka. Lakini matokeo yake ni kwamba Guardi aliwatoa nyuma ya nondo na gazeti letu limewarudisha.

Kama mnataka ushahidi kwamba wenyeji wa wakati ule walijua usiku huo ulikuwa wa nani, upo. Mchoraji mwingine wa Venice, Gabriel Bella, alichora tamasha hilohilo, na kazi yake iko katika jumba la makumbusho la Querini Stampalia huko Venice. Bella hakuwa na mkono wa Guardi. Watu wake wamekakamaa, ukumbi wake umenyooka kama umepimwa kwa rula. Lakini jina la picha yake linaanza na wasichana wa hospitali waimbao, ndipo linawataja wageni wa kaskazini. Mtu asiyejua kuremba aliona cha kuanza nacho.

Miaka 15 tu baada ya usiku ule, Mei 1797, Jamhuri ya Venice ilianguka mbele ya jeshi la Napoleon Bonaparte wa Ufaransa. Incurabili tayari ilikuwa imefilisika tangu miaka ya 1770, na muziki wa hospitali nyingine ukafifia. Guardi mwenyewe alikufa mwaka 1793, hakuiona Jamhuri ikianguka. Pietà bado ipo Venice kama taasisi ya kusaidia watoto na akina mama.

Ombi langu ni hili, Mhariri. Mtakapopata nafasi, chapisheni tena picha ya Guardi ikiwa nzima, kwa upana wake, hata kama ni kwa rangi nyeusi na nyeupe, hata kama ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Chini yake andikeni kwamba waliosimama roshani upande wa kushoto ni waimbaji na wapiga ala wa hospitali za Venice. Msiandike yatima kwanza. Wengine hawakuwa yatima, na waliokuwa yatima walikuwa pia wapiga fidla. Majina ya waliopiga usiku ule siyatoi kwa sababu picha haiyatoi, lakini ya Anna Maria, Paolina, Annetta na Maddalena mnayo sasa, na makala nzima inaweza kuandikwa juu ya mmoja tu kati yao. Mwandishi wenu wa utamaduni ana kalamu nzuri. Akitaka, nitamsaidia kwa ninachokijua na nitampelekea picha ya roshani niliyoipiga kwa simu, bila mwanga wa kamera kama sheria ya jumba inavyotaka.

Na kwa ndugu msomaji wa barua ile: namshukuru kwa moyo wake, simgombezi. Namwomba atafute rekodi ya muziki wowote ambao Vivaldi aliwatungia wasichana wa Pietà, zipo nyingi na za bure mtandaoni, asikilize sehemu ya haraka ya mwisho, pale fidla mbili zinapokimbizana, kisha atuandikie tena kwenye ukurasa huu kama bado anasikia huzuni.

Jina langu nimeliandika kwenye barua pepe kwa ajili yako Mhariri. Kwa heshima ya wenzangu wa kituoni, naomba lisichapishwe.

Msomaji wenu,
München, Ujerumani